Bakuli la Bi Kazija

Haya, sogeeni. Mwenye njaa akale kwanza, mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikishaanza sikatizwi. Mpo? Semeni mpo. Basi mkiwapo nyie, na kisa kipo. Kilikuwapo zamani hizo ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia kwa watu, paka wakiamkiana kwa majina na vyombo vya ndani vikijua siri za wenyewe.

Palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mwambakuu. Kila nyumba ya heshima ya mji huo ilikuwa na vidaka, yaani vishimo vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu, na katika kila kidaka limekaa bakuli la kauri likiwatazama waingiao. Watu wa Mwambakuu walisema mabakuli yale ndiyo ulinzi wa nyumba: jicho baya likiingia huangukia bakuli, haliwafikii watu. Na walikuwa na mwiko mmoja, ushikeni, maana mbele tutauhitaji. Nyumba inayongoja mtoto azaliwe haiachi bakuli bovu ukutani. Lenye ufa linatolewa, lililomeguka linatolewa. Mmeushika? Wewe uliyeinamia kidonda chako, umeushika? Haya.

Humo aliishi Bi Kazija, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kike, Mwanatumu. Mwanatumu alikuwa ameolewa mtaa wa pili, na sasa alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza. Na mimba ya kwanza, Mwambakuu kama kwetu, huzaliwa kwa mama. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini mwaka huo huo Bi Kazija aliteleza ngazini akavunjika nyonga, mfupa ukaunga vibaya, akawa mtu wa kiti na fimbo. Vumbi likapata nafasi. Vumbi lina akili, wajukuu zangu, linamjua asiyeweza kuinama.

Mama mkwe wa Mwanatumu, Bi Biubwa, akaja pamoja na Mwanatumu kumpa pole. Akaketi, akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti, akakitazama kidole, akakifuta kwa ncha ya ushungi wake polepole ili kila mtu aone.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole ule unaochoma, "mtoto hazaliwi vumbini. Mwezi wake ukifika nitamleta Mwanatumu mwenyewe. Nikikuta nyumba safi na mtu wa kazi wa kuaminika, nitamwacha. Nikikuta hivi, nitarudi naye akajifungulie kwangu."

Mwanatumu alipoinama kumuaga mama yake, alimnong'oneza sikioni asimwache akazalie kule. "Kule, mama, hata kukohoa nakohoa kwa ruhusa."

Maneno hayo yakamkaa Bi Kazija kifuani. Akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kumsafishia nyumba. Nyie mnadhani ni jambo dogo. Ngojeni mje mtafute.

Wa kwanza kuja alikuwa Mize. Mize alifagia jicho linapofika, na lisipofika alipaacha na dunia yake. Takataka zote alizisukuma chini ya mkeka. Bi Kazija akaona mkeka unainuka siku hadi siku, akaufunua kwa ncha ya fimbo, akakuta chini yake maganda ya machungwa, majivu na kiatu kimoja. Akamwambia ashike njia. Kisha akagonga fimbo sakafuni. "Mimi na watu wa kazi, nimewakosea nini?"

Akaja Mwanaharusi. Huyu nyumba aliipiga deki ikang'aa, lakini udi ukawa unapungua kijaluba kizima kwa wiki. Bi Kazija hakuhitaji shahidi. Mwanaharusi alikuwa akiingia asubuhi ananukia udi kuanzia mtaa wa nyuma. Jamani, kuna vya kuiba, lakini mtu unaibaje kitu kinachokutangaza? Naye akaambiwa ashike njia, na fimbo ikagonga sakafu. "Mimi na watu wa kazi, nimewakosea nini?"

Basi hasira ikamfundisha Bi Kazija ujanja, na ujanja unaotoka kwa hasira mnaujua ulivyo. Sandukuni mwake alikuwa na bakuli la buluu na nyeupe lililomeguka ukingo siku ya harusi yake. Akajikokota ukutani, fimbo mkono huu, bakuli mkono huu, akaliweka kwenye kidaka cha chini, upande mbovu akaugeuzia ukutani. Hesabu yake ilikuwa hii: mvivu hatafuta vidaka, basi hataliona. Mwongo ataliona anyamaze. Mwaminifu ataliona aje aniambie, na huyo ndiye wangu. Na mwiko je? Mwiko aliukumbuka, msidhani hakuukumbuka. Alijiambia Mwanatumu hajaletwa bado, nitalitoa kabla.

Akaja Tabu. Tabu hata hakujua kwamba nyumba ina vidaka. Buibui alitaga kwenye bakuli, vitoto vikatoka, vikahama, na Tabu yumo humo humo anafagia. Ashike njia.

Akaja Mwanahawa. Huyu alifika kwenye kidaka asubuhi ya kwanza, akalinyanyua bakuli, akaona lilivyo, na akili ikamwambia kwamba atasingiziwa yeye. Alitokea mlango wa uani mbio, akaacha ufagio wake mwenyewe aliokuja nao, hakuurudia mpaka leo.

Akaja Zamda. Zamda alikuwa fundi. Aliliona bakuli, akakanda unga, akaliziba pengo, akauchora unga ule maua kwa nili ya kufulia. Na maua yalitoka mazuri, tusimnyime haki yake. Bi Kazija asingejua kama sisimizi wasingepanga mstari kutoka jikoni mpaka kidakani kwenda kula ukingo wa bakuli. Bi Kazija akagonga fimbo mpaka jirani akauliza kuna nini. "Mimi na watu wa kazi! Hivi katika mji mzima hakuna mtu mmoja wa kuniambia, bibi, bakuli lako bovu? Neno moja tu?"

Huku mwezi wa Mwanatumu unakaribia. Usingizi ukampaa Bi Kazija, chakula kikawa hakipiti.

Hapo ndipo alipokuja Siwatu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, mchache wa maneno. Alikuja na kifurushi cha nguo, na alipoambiwa akiweke ndani akakataa kwa adabu. Akasema kitakaa hapo mlangoni mpaka ajue kama anakaa au anaondoka. Bi Kazija hakulipenda jibu hilo, lakini angefanyaje?

Siwatu akafanya kazi. Akatoa mikeka nje akaikung'uta, akasugua sakafu kwa makumbi ya nazi, akatoa tando za buibui darini ambazo zilikuwa na umri wa Mwanatumu. Udi haukupungua. Hata Bi Kazija alianza kumngoja asubuhi, akimwambia habari zake za zamani, na Siwatu anaitikia "naam" huku anafuta. Kwa mara ya kwanza tangu avunjike, mama wa watu alipumua.

Lakini bakuli. Siku moja Siwatu alipokwenda kisimani, Bi Kazija akajikokota mpaka kidakani, akatia mkono. Vumbi hakuna, ndani kumefutwa, nje kumefutwa, na ule upande mbovu umegeuziwa ukutani vile vile alivyouweka. Moyo ukamwanguka. Kwa hiyo ameliona, akalifuta, akalirudisha, akanyamaza. Na huyu naye. Wengine walimkasirisha, huyu alimuumiza, maana alikuwa ameshampenda. Akarudi kwenye kiti akakata shauri kwamba chakula cha mchana kikiisha tu atamwambia ashike njia.

Chakula hakijaiva, akasikia hodi. Bi Biubwa huyo, amemleta Mwanatumu kabla ya siku waliyoagana, kwa makusudi, maana watu wa aina yake hupenda kukuta. Mwanatumu amevimba miguu, anapumua kwa tabu. Siwatu alikuwa pembeni na ufagio, lakini Bi Biubwa hakumtazama usoni. Alianza na kidole chake. Akapitisha kwenye kizingiti, kidole safi. Akapitisha kwenye fremu ya kitanda, kidole safi. Akainua mkeka, akachungulia mtungini, safi, safi, na kila anapokuta pasafi uso unazidi kukunjamana. Bi Kazija amekaa kitini anamfuata kwa macho, na hapo ndipo alipokumbuka. Alifungua mdomo aseme neno, lakini mkono wa Bi Biubwa ulishafika kwenye kidaka cha chini.

Bi Biubwa akaligeuza bakuli. Akalinyanyua wote walione. Mwanatumu akashika tumbo.

"Nani kavunja hili akalificha humu?" akauliza. Hakungoja jibu, aliendelea yeye mwenyewe, kwa ule upole wake. Akasema kama ni huyu mwanamke wa ufagio, basi afukuzwe sasa hivi mbele yake, bakuli litupwe, ubani ufukizwe, na Mwanatumu atabaki, na yeye Bi Biubwa ataleta mtu wake wa kazi. "Lakini kama ni wewe uliliweka, mkwe wangu, huku ukijua mwanao analetwa, basi simwachi hapa. Mtu anayechezea mwiko hapewi mzazi."

Mnaona, wajukuu zangu? Lilikuwa jambo la neno moja tu. Si alikuwa anamfukuza hata hivyo? Si chakula cha mchana tu kilichobaki? Angesema "ni huyu", mwana angebaki naye. Bi Kazija akamtazama Siwatu. Siwatu hakuomba, hakulia, hakujitetea. Alikuwa anakitazama kifurushi chake pale mlangoni, ameshasimama kwa mguu wa kuondoka. Alijua mambo haya yanavyokwisha. Na Bi Kazija akaona, kwa uchungu, kwamba mtego ule muda wote ulikuwa haujampima mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

"Si yeye," akasema. "Lilimeguka harusini kwangu. Nililiweka mimi, kwa mkono wangu, kuwatega watu wa kazi."

Bi Biubwa akamshika Mwanatumu mkono. "Umesikia mwenyewe. Twende."

Bi Kazija machozi yakamtoka, na hasira aliyokosa pa kuipeleka ikamwendea Siwatu. Akamuuliza: uliliona, ulilifuta kila siku, mbona hukuniambia?

Siwatu akauweka ufagio ukutani. "Nyumba niliyotoka nilikuta mtungi umepasuka, nikaenda nikamwambia mwenyewe. Akasema nimeuvunja mimi. Nilitolewa barazani watu wakitazama. Tangu siku hiyo nikikuta kilichovunjika nakifuta vumbi nakirudisha pale pale."

Mwanatumu akasimama mlangoni, mkono wake bado umo mkononi mwa mama mkwe. "Ni ule mtungi uliofungwa waya, ulioko uani kwetu?" akauliza taratibu. "Mume wangu aliniambia aliuvunja yeye, kabla hajanioa. Alinihadithia anacheka."

Siwatu akageuka. Alimtazama Bi Biubwa tu. Na Bi Biubwa, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, akautazama uso wa mtu wa kazi, akaujua. Kile kidole kikatafuta pa kujificha.

Mwanatumu akautoa mkono wake. Akarudi ndani akakaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, akaegemea kiti cha mama yake. "Mamangu mkwe, niwie radhi," akasema. "Miguu imechoka. Nitazalia hapa, kwa aliyesema kweli ikamgharimu."

Bi Biubwa akaaga. Safari hiyo hakugusa kitu. Bi Kazija akalichukua lile bakuli akalibamiza nje mlangoni mpaka likawa vigae, kisha akamgeukia Siwatu, akamwambia hana haki ya kumuuliza, lakini anamuuliza: atakaa?  Siwatu alikwenda mlangoni, akakiokota kifurushi chake, akauliza chumba cha kulala kina msumari wa kukitundika au apigilie.

Mtoto alizaliwa wa kike, na alilia bila kuomba ruhusa ya mtu. Na msidhani wale wawili waliishi kwa amani. Waligombana kila siku ya Mungu, huyu anataka deki asubuhi, huyu anataka jioni, na Siwatu alivunja mabakuli zaidi ya moja. Lakini kila alipovunja alikuja na vipande mkononi akasema, "Bibi, nimevunja," na Bi Kazija akafoka, akagonga fimbo, kisha akamwambia angalia usijikate.

Basi mwenye masikio ashike. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi naongeza langu: ukimtafuta mwaminifu, anza kutafuta humo ndani mwako, ukimkosa humo usimsumbue mwenzio. Kisa nimekifagia mpaka kizingitini. Tamu yake bebeni mwende nayo, uchungu wake niachieni bibi yenu. Na yule aliyekivunja kikombe changu asubuhi akakitia chini ya kitanda, namngoja. Sifoki.