Gaidi Aliyelala Kaburini

Hapo zamani, katika mji wa Ungozi, alitawala Sultani Shaibu bin Madi, mtu mwenye kilemba kirefu na subira fupi. Mwaka mmoja alichukua chumvi yote ya mji akaifungia ghalani, raia wakawa wanakula mboga chapwa. Basi mpika chumvi mmoja, mwanamke jina lake Mize, akaenda mchana kweupe akauchoma moto mlango wa ghala ile, watu wakaingia wakachukua chumvi yao. Hakuumia hata paka.

Sultani akaghadhibika mno, akanena, "Huyu ni gaidi, na anyongwe."

Lakini kadhi wa mji, mzee mkaidi asiyependa kuharakishwa, akajibu, "Mtukufu, simnyongi mtu kwa neno nisilolijua mipaka yake. Gaidi ni nani?"

Basi wakaitwa wanazuoni saba, wakakaa siku arobaini wakila pilau ya Sultani na kubishana. Kwanza walisema gaidi ni mtu abebaye silaha na kutisha watu, jemadari akakohoa. Wakaongeza, "isipokuwa askari," kisha wakakumbuka kwamba wanyang'anyi wa msituni nao hujiita askari, wakafuta. Ikawa kila wakilipanua neno linawanasa wakubwa, na kila wakilibana Mize anaponyoka. Elimu yote ile, ndevu zote zile, na kazi yao ilikuwa kutafuta jina la kumnyongea mwanamke aliyechoma mlango. Mwishowe wakatoa hili: "Gaidi ni mtu awatishaye raia kwa moto ili kumshurutisha mtawala." Wakapeana mikono kwa furaha.

Mize alikuwa na mdogo wake, Chande, msokota kamba fukara ambaye watu walimdhania punguani kwa kuwa kila aambiwalo hulifanya vilevile lilivyosemwa. Sultani akamwita amfanyie dhihaka, akamwambia, "Wewe wasema dada yako si gaidi. Neno la wanazuoni umelisikia. Hadi Ijumaa uniletee mtu mwingine ambaye neno hili lamwenea kuliko yeye. Ukimpata, dada yako yu huru. Usipompata, mtanyongwa wote wawili, na kamba utasokota mwenyewe."

"Mtu yeyote, Mtukufu?"

"Yeyote, awe mkubwa, awe mdogo."

Kadhi akashuhudia. Chande akatoka asitake kulala hadi ampate mtu huyo, maana Mize ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Ijumaa hiyo ilikuwa Siku ya Moto, sikukuu ya kumtukuza marehemu Sultani Madi, baba yake Shaibu. Watu wote wakaenda kaburini kwa ngoma na matarumbeta, na Mize akaletwa na pingu zake ili anyongwe baada ya sherehe. Walipofika wakamkuta Chande amelizungushia kaburi kamba mara saba, jembe begani, ameinama anasema na udongo: "Bwana Madi, toka kwa hiari yako. Nimetumwa na mwanao."

"Mwendawazimu wewe," akanena Sultani, "wamfunga baba yangu?"

"Uliniambia mkubwa au mdogo, Mtukufu. Dada yangu alichoma mlango mmoja. Huyu alichoma soko na nyumba mia mbili zenye watu ndani, hata sultani wa zamani akakimbia akaacha kiti. Sultani huyo aliyekimbia ndiye aliyemwita baba yako gaidi. Mpiga mbiu aliyelitangaza neno hilo yungali hai, yule pale, mwulize."

Mpiga mbiu akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Baba yangu alikuwa mkombozi," akanena Sultani.

"Tangu lini, Mtukufu?"

"Tangu siku aliyoshinda."

Chande akamgeukia karani. "Bwana karani, liandike hilo. Gaidi akishinda huwa mkombozi. Kisha litangazwe pembe zote za mji, raia wajue ni lipi walilobakiza kufanya."

Sasa pale walikuwapo wapika chumvi wote wa Ungozi, nao walikuwa wakisikiliza vizuri kuliko walivyowahi kusikiliza hotuba yoyote. Sultani akawatazama, nao wakamtazama.

"Futa," akamwambia karani.

"Nifute lipi, Mtukufu? Kwamba alichoma, au kwamba alishinda?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kisha umati wote, na wanazuoni saba wakaanza kutafuta viatu vyao. Sultani akaona haya, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, akanena kwa sauti ndogo, "Mfungulieni mwanamke."

Kadhi akasema, "Kosa lake lina jina tangu zamani. Kuchoma mlango ni kuchoma mlango. Mize ataweka mlango mwingine."

Mize akasugua viganja vyake vilivyochubuliwa na pingu, akauliza, "Na kufuli je, Sheikh wangu?"

Kadhi akafikiri kidogo. "Sheria imetaja mlango," akasema. "Kufuli sikulisikia likitajwa."

Hapa ndipo nilipoikuta hekaya hii, nami hapa naiacha.