Pijo ya Boksi na Pijo ya Mfuko

Hapo zamani, na nikisema zamani msinitolee macho, sisemi zamani za wanyama kuongea, nasema zamani za teksi kuwa na mstari ubavuni na dereva kuvaa shati la kola, palikuwa na mzee mmoja mjini Tanga akiitwa Mbaruku. Kazi yake udereva. Alikuwa na Pijo nyeupe, na Pijo hiyo ilikuwa na mahali pake pa kuegeshwa, mbele kabisa ya lango la soko, kando ya ukuta, penye kivuli tangu asubuhi. Mahali hapo paliitwa namba moja. Abiria akitoka sokoni na kapu lake, anapanda namba moja. Mgonjwa akiletwa mbiombio, anapakiwa namba moja. Bibi harusi akitafutiwa gari, wazee wanakuja namba moja. Madereva wengine walipanga foleni nyuma, na hakuna aliyethubutu kuegesha pale hata siku Mzee alipokuwa msibani.

Basi macho ya Mzee yakaanza kufifia. Mwenyewe hakukubali. Akasema ni vumbi. Akasema ni kioo kichafu. Akamsema muosha magari wa watu bila kosa. Mpaka asubuhi moja alisimama katikati ya Barabara ya Kumi na Mbili kumsubiri bibi kizee avuke. Akasubiri. Akampungia mkono apite. Akatoa kichwa dirishani akamwamkia, akamwambia apite tu mama, yeye hana haraka. Nyuma yake magari yamejaa, watu wanapiga honi, na bibi kizee havuki, kwa sababu bibi kizee lilikuwa pipa la lami. Siku hiyo Mzee Mbaruku alirudi nyumbani taratibu, akamkabidhi mkewe ufunguo, akasema basi.

Daktari akampima, akamwambia ni presha ya macho, kilichokwenda kimekwenda, alinde kilichobaki. Pijo ikauzwa kwa bwana mmoja wa Muheza aliyeapa kwamba ataitunza kama mboni. Haukupita muda, habari ikaja: yule bwana ameng'oa viti, amezungushia wavu, ndani anafuga kuku. Mzee aliletewa habari hiyo yuko mezani anakula. Akasukuma sahani. "Kuku," akasema, akainuka mezani.

Sasa sikilizeni desturi ya stendi ile ya teksi, maana kesi yote imelala hapo. Namba moja haipigiwi kura wala haigombewi. Anayeondoka anamshika mkono mmoja wa wanaobaki, anamsimamisha pale kando ya ukuta mbele ya wenzake, na akishafanya hivyo hakuna rufaa. Na binti yake Mzee, anayekaa Handeni, alikuwa ametuma salamu kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya sala, atakuja kuwachukua wazazi wake wakaishi kwake. Madereva wakaanza kumzunguka Mzee pale kwenye benchi la kahawa. Mzee, unamwachia nani? Mzee, usituache hivihivi. Wakamchosha. Akawajibu kwa uchungu aliokuwa nao, "Atakayeniwekea Pijo yangu mkononi kabla sijaondoka, namba moja yake."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Na walipoona hacheki, kicheko kikakatika, kwa sababu Mzee Mbaruku miaka yote hakuwahi kutoa neno pale stendi halafu akalirudisha. Mwenyewe alipofika nyumbani akajuta. Akamwambia mkewe kwamba ameahidi jambo lisilowezekana, ataondoka Tanga namba moja haina mwenyewe, na madereva watachinjana.

Lakini watatu walilichukua lile neno wakaenda nalo.

Wa kwanza alikuwa Kilindo. Kilindo mnamjua, hata kama hamumjui mnamjua. Gari lake linaoshwa asubuhi, mchana na jioni, viti vimevishwa vitambaa vya kufumwa, na kwenye kioo kinaning'inia kila kitu kinachoweza kuning'inia. Kuwaka ndiyo shida yake, lakini likiwa limesimama utalipenda. Kilindo akasafiri hadi Dar es Salaam, akaingia duka lenye vioo na baridi ndani, akarudi na boksi. Boksi lenyewe pana kama sinia la biriani, limefungwa kwa nailoni inayong'aa, na juu yake picha: Pijo nyeupe inapanda mlima, vumbi nyuma, mbingu ya buluu, taa zinawaka mchana kweupe. Lilikuwa gari la plastiki la kuunganisha, lile la kuchukua vipande ukavigandisha kwa gundi hadi vikawa gari dogo la kushika mkononi.

Mzee akalipokea, akalisogeza usoni hadi pua ikagusa picha, akalizungusha polepole kuelekea kwenye mwanga. Rangi zile zilikuwa kali, na picha ilikuwa kubwa.

"Naiona," akasema. "Jamani, naiona."

Machozi yakamtoka. Kilindo akaanza kupokea pongezi, na kwa haki kabisa, maana tangu siku ya lile pipa hakuna kitu Mzee alichokuwa amekiona sawasawa. Akawa anaitazama namba moja kama mtu anayepima mahali pa kuweka kabati.

Mzee akasema sasa mnipe mkononi. Wakafungua. Basi ndani ya lile boksi mlikuwa na nini? Mlikuwa na hewa nyingi, na chini ya hewa, takataka. Boneti fupi kuliko tundu lake. Milango ya kushoto miwili, ya kulia hakuna. Kioo cha mbele hakuna. Kila kipande kimeota ndevu za plastiki pembeni kama kilikatwa kwa meno. Tairi zilikuwa sita, mbili za lori. Na karatasi ya maelekezo ilipokunjuliwa, ilikuwa ya helikopta. Dereva mmoja akasema gari hili limepata ajali likiwa ndani ya boksi. Kilindo akajitetea kwamba vitu vya hali ya juu huwa na ugumu kidogo mwanzoni, akaifuata karatasi mpaka akafika mahali pa kuweka mapanga yanayozunguka juu ya paa, ndipo akaiacha.

Wa pili alikuwa Mwanakombo, mwanamke pekee aliyeendesha teksi pale. Gari lake halikuwa na rangi moja, lilikuwa na rangi zote zilizopata kubaki kwenye makopo ya watu. Wenye harusi wakiliona hugeuza njia. Lakini mvua inyeshe, barabara ikatike, Mwanakombo atakufikisha. Yeye alikwenda gulioni Tangamano, akapekua fungu la vitu vya watoto vya mtumba, akaibuka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Hauna picha, hauna jina, hauna karatasi. Ndani vipande vya kijivu bado vimeshikana kwenye fremu zake.

Mzee akaupapasa ule mfuko, akauliza kwa upole kama Mwanakombo siku hizi anauza vijiko. Stendi ikaangua kicheko, mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Mwanakombo akasema ni Pijo. Wakazidi kucheka. Hakubishana nao. Akafungua fundo, akachomoa kipande kimoja, akamwekea Mzee kwenye ncha za vidole. Mzee akakipapasa. Kilikuwa mlango. Kulikuwa na kitasa chembamba kama punje ya mchele, na alipokisukuma kwa ukucha mahali pa bawaba, alitambua kwamba kilichongwa na mtu aliyewahi kuufungua mlango wa Pijo. Uso wake ukabadilika. Ila gari zima halikuwepo. Mfuko ulikuwa na tundu chini, tairi na vioo vilikwisha dondoka huko vilikotoka, na Mwanakombo mwenyewe alipojaribu kuunganisha bila maelekezo, kwanza kabisa aligandisha usukani juu ya dari.

Wa tatu ni Semkiwa, na Semkiwa hakununua kitu. Alikuwa dereva, ndiyo, lakini muda mwingi ungemwona miguu tu, sehemu iliyobaki iko chini ya gari lake. Akamwomba Kilindo boksi, akamwomba Mwanakombo mfuko. Wote wawili walikuwa wamekwama, wakampa, kila mmoja akijua moyoni kwamba linalofanyika linafanyika kwa niaba yake. Semkiwa hakuhitaji karatasi. Ile Pijo ya kweli alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi, tena bure, kwa heshima ya Mzee. Akabandua usukani darini. Akapanga bodi ya mfuko, ikakaa kipande juu ya kipande bila kulazimishwa. Tairi nne zinazofanana akazitoa kwenye boksi la Kilindo. Vioo hakuna, akachukua ile nailoni inayong'aa iliyofunga boksi, akakata kwa wembe, akaweka. Taa akazipanga kwa kutazama picha. Kwa mara ya kwanza likawa gari.

Angeishia hapo, leo tusingekuwa na kesi. Lakini Semkiwa ni mtu wa gereji, na mtu wa gereji akimaliza bodi anapeleka rangi. Akalibeba lile gari kwenye kiganja hadi kwa fundi wa kupuliza. Fundi akalipokea kama anavyopokea magari yote, akalikagua, akauliza ajali ilikuwa wapi, akachanganya rangi ya gari na thina ya kuiyeyushia, akapuliza. Likang'aa. Wakapeana mikono. Kisha wakaona paa linaanza kuinama. Thina ilikuwa inaila plastiki taratibu, na paa likashuka katikati kama biskuti iliyokaa kwenye chai. Semkiwa akalipepea kwa kofia, akalipuliza kwa mdomo, akaliweka kwenye upepo. Lilipoacha kunywea, paa lilikuwa na bonde, na Semkiwa akakaa juu ya ringi ya tairi akashika kichwa.

Ijumaa ikafika, binti amekuja, mizigo iko kwenye gari, mama ameketi ndani tayari. Mzee akaomba apitishwe stendi. Semkiwa akaja mbele yake na macho chini, akaliweka gari kwenye kiganja cha Mzee, akaanza kuomba radhi. Mzee hakumsikiliza. Vidole vyake vilipita kwenye taa, vikapita kwenye boneti, vikafungua mlango vikaufunga. Vikapanda kioo. Vikafika kwenye paa, vikaingia kwenye lile bonde, vikatulia.

"Nani amewaambia habari za kabati?" akauliza.

Hakuna aliyeelewa. Mzee akawaeleza kwamba mwaka binti yake huyu alipoolewa, kabati la harusi alilipakia mwenyewe juu ya Pijo, paa likabonyea hapo hapo katikati, na kwa mapenzi ya mtoto akakataa lisinyooshwe. Binti akashuka garini, akaweka kidole penye bonde, akaanza kulia, na Mzee naye akalia, na nitakuwa mwongo nikisema madereva walivumilia. Mzee akasema hii ndiyo yake, hakuna nyingine duniani. Akasema sasa atimize neno aondoke, asogee mwenye haki yake.

Wakasogea watatu.

Kilindo akasema, "Mzee, hiyo umeishika, lakini yangu uliiona. Nani mwingine amekurudishia macho, hata kwa dakika? Na tairi ni zangu, na vioo ni nailoni ya boksi langu. Vitoeni hivyo, muone kama hamtabaki na banda la kuku."

Mwanakombo akasema, "Wewe ulinunua picha. Gari nimenunua mimi. Mlango aliofungua sasa hivi ni wangu, bodi ni yangu, mlinicheka nayo mbele ya watu mkaniita muuza vijiko. Leo vijiko vimekuwa Pijo, nibaki na mfuko wenye tundu?"

Semkiwa akasema, "Mmoja alileta boksi la takataka, mwingine mfuko wa vipande. Mzee alisema mkononi. Nimemwekea mimi. Na kilichomliza ni lile bonde, na bonde ni langu."

Kilindo akamkatiza kwamba bonde ni uharibifu, alikuwa anaomba radhi nalo dakika hii hii, tangu lini mtu akalipwa kwa kuharibu. Mwanakombo akadakia kwamba kama bonde ni la mtu, basi ni la thina. Semkiwa akauliza kama thina inaweza kuegesha. Sauti zikapanda. Huku nyuma, abiria walikuwa wanatoka sokoni na makapu yao, wanaitazama namba moja iliyo tupu, wanaondoka kwa miguu.

Mzee Mbaruku akasimama kando ya ukuta, lile boksi la picha, aliloomba abaki nalo, kwapani, Pijo kiganjani. Mkono mmoja wa kushika mkono wa mtu ulikuwa mtupu, na mbele yake mikono mitatu. Neno alilitoa yeye, hakulazimishwa. Akimshika mmoja, wawili watasema amewadhulumu. Asipomshika yeyote, amevunja neno siku ya kuondoka. Akaelekeza uso garini akamuuliza mkewe. Mama akamjibu kutoka dirishani kwamba asimuulize yeye, yeye miaka yote alikuwa anakaa kiti cha nyuma. Binti, aliyekwisha rudi kwenye usukani, akapiga honi kidogo, kwa adabu, maana njia ya Handeni ni ndefu.

Mzee akaunyoosha mkono wake.

Nami naukamata hapo hapo hewani, siusogezi tena, kwa sababu wote mlioketi hapa mna macho yanayoona kuliko yake. Haya, msitazamane: aliyemwonesha, aliyempatia, na aliyemwekea mkononi kwa kukosea, je, ungekuwa wewe, ungemshika yupi ukamsimamisha namba moja?