Sahani Zilizokwenda kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na meko na majirani kama sisi, palikuwa na kijiji kando ya bwawa. Asubuhi ukungu ulitanda hata nyumba zikaonekana kama zinaelea, na harufu ya mkate ilipita humo polepole, mlango kwa mlango.

Mwaka huo mvua iligoma, na wengi wakakosa chakula. Waliojaliwa unga wakakubaliana: kila mmoja aoke mikate nyumbani kwake, aipeleke kwenye kibanda kimoja cha kijiji, na asiye na kitu akachukue bila kuulizwa neno.

Bi Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu, alikanda unga, akatia hamira na iliki, akapalia makaa juu na chini ya sufuria. Macho yalimlegea kwa raha akiwaza watoto watakavyotafuna.

Bwana Kiboko hakuoka. Yeye alijitolea kulinda kibanda.

"Nani ataiba mbele ya tumbo hili?" alisema.

Kweli, nani? Labda tumbo lenyewe!

Siku moja Mama Kanga alifika kwa Bi Sange na vifaranga vyake, vimenyong'onyea.

"Shoga, kila nikienda kibandani naambiwa mkate umekwisha. Huyu mdogo tangu jana halii tena. Mtoto mwenye njaa asipolia, shoga..."

Bi Sange aliingiwa na uchungu. Akakimbia, tiri-tiri-tiri, mpaka kibandani. Hapakuwa na hata makombo. Kiboko akapiga mwayo, aaaah! Pua ya Bi Sange ikanusa. Lo! Iliki yake mwenyewe!

"Wahitaji ni wengi, bibi," alisema Kiboko.

"Ni wengi, bwana," akajibu kwa adabu. Angesema nini mbele ya kinywa kile?

Akarudi kwa Mama Kanga. "Niazime sahani yako."

"Ya nini, nami sina cha kutia?"

"Niazime tu, shoga. Nyamaza uone."

Akapita kwa kila mwenye njaa, akaazima sahani. Kisha akapita kwa waokaji, akaweka kipande cha mkate katika kila sahani, akazifunika kwa kawa. Alasiri waokaji wakamfuata kwa Kiboko kwa vigelegele.

"Lililililii! Bwana mlinzi, zawadi yako hii!"

"Yangu? Yote?"

"Yote, bwana. Karibu."

Nyam! Nyam! Nyam! Alikula mpaka chembe ya mwisho. Kisha akalala barazani, akaota anaelea kwenye mto wa maziwa, na mikate inapita juu yake kama mawingu. Alitabasamu usingizini, maskini!

Asubuhi sauti ikatoka ukunguni. "Hodi! Ni mimi, Mama Kanga. Nimefuata sahani yangu."

Nyuma yake walisimama wenzake, safu ndefu mpaka ikapotelea ukunguni.

"Hizo hapo, chukueni," alisema Kiboko.

"Toba!" Huyo alikuwa mkewe, anatoka ndani mbio. "Sahani ya jirani irudi tupu kutoka nyumbani kwangu? Mama yangu hakunilea hivyo! Vilivyokuwamo ulikula?"

"Nilikula, lakini..."

"Basi kanda!"

Akafungua stoo, akatoa magunia ya unga ambayo mumewe aliyaficha tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Kiboko akakanda, pwata! pwata! Akapuliza moto, fuu! Machozi yakamtoka kwa moshi. Mvuke wa mikate ukachanganyika na ukungu, kijiji kizima kikanukia.

Bi Sange alikaa kizingitini. "Ongeza iliki, bwana."

Kiboko akaitazama ile safu, akaduwaa. "Kumbe sahani zenyewe ni za wahitaji?"

"Za hao hao uliokuwa ukiwalia mikate yao."

Mkewe alisimama kando na mwiko mkononi, na Kiboko akaendelea kukanda.

Sahani ya Mama Kanga ilirudi imejaa. Kifaranga mdogo akala, akala, mpaka usingizi ukamchukua mkate ukingali mdomoni. Mama yake akamfunika kwa bawa, akalia kwa furaha.

Wanangu, mla cha mwenzake na chake huliwa.