Mkulo wa Kwemzinga

Kinywa ulichokifunga usikidai onyo. Methali hiyo mmeisikia asubuhi kwenye mkutano wa maji, Mama Titu alipomwambia mwenyekiti, na watu wakapiga makofi. Sasa mnaniuliza ni wahenga gani walioisema. Wahenga hawaijui, wajukuu zangu. Ilizaliwa hapa hapa kijijini, nami nilikuwapo ikizaliwa. Ilikuwa hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shirika moja lilileta mafunzo ya siku saba ya kuishi msituni, kwa watu wasiojua kitu: kuwasha moto, kujenga kibanda cha matawi, kutafuta maji, kusoma nyayo. Mwenye cheti ndiye angeruhusiwa kuingia msitu wa Kwemzinga na kuongoza wageni. Tulijiandikisha kumi na mmoja. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na Nakijwa, binti wa mama yangu mdogo.

Wa mwisho kuandikwa alikuwa Mzee Shemhilu. Alikuwa mrina asali, na mizinga yake ilining'inia Kwemzinga tangu sisi hatujazaliwa. Lakini amri haikumjali. Bila cheti, haingii. Basi akaja na panga lake na blanketi, akaketi nasi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwalimu wetu aliitwa Kanuti, kijana wa mjini mwenye buti mpya. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kuonekana hajui. Siku ya kwanza kuni alizotuchagulia zilifuka moshi mpaka tukatokwa na machozi. Mzee Shemhilu akapasua gogo jingine, akatoa kiini kikavu, moto ukawaka. Siku ya pili Kanuti akatuonyesha nyayo na kusema ni za nguruwe mwitu.

"Mwalimu, hizo ni za mbuzi," mzee akasema. "Tena mbuzi wetu."

Tulicheka sana. Kanuti akakunja uso.

"Mzee, hapa mwalimu ni mmoja. Sitaki kusikia sauti yako tena mpaka siku ya vyeti. Ukifungua kinywa, nafuta jina lako."

Tukacheka tena, safari hii tukimcheka mzee. Mimi nilicheka. Hata Nakijwa alicheka. Mzee akainamisha kichwa, na tangu hapo hakusema.

Siku ya nne tulipiga kambi chini ya mkulo mkubwa ajabu, mti ambao watu wanne wasingeweza kuukumbatia. Kanuti aliupenda kwa sababu chini yake palikuwa pakavu. Nilimwona mzee akiugonga kwa mgongo wa panga, akatega sikio. Ulilia kama ngoma. Akamgeukia Kanuti, midomo ikafunguka.

"Mzee!" Kanuti akamwonyesha kidole.

Midomo ikafungwa. Mzee akachukua blanketi lake, akapanda mlimani kujenga kibanda chake peke yake kwenye tope.

"Mwacheni," Kanuti akasema. "Anasusa."

Kesho yake baada ya chakula cha mchana nilishuka kijitoni kuosha sufuria. Mvua ikaja na upepo, wenzangu wakakimbilia vibandani. Nikasikia mlio kama mlima unapasuka. Niliporudi, nusu ya mkulo ilikuwa chini, ndani yake mtupu kama pipa, na kibanda chetu, mimi na Nakijwa, hakikuonekana. Tulikata matawi kwa mapanga, tukamtoa. Hakuwa akipumua.

Kanuti akamvaa mzee, akamshika shati.

"Uliugonga! Ulijua! Mbona hukusema?"

Mzee akasema polepole, "Kinywa ulichokifunga usikidai onyo."

Kanuti akamwachia, akakaa chini kwenye matope.

Tulimteremsha Nakijwa kwa machela ya miti, kama tulivyofundishwa jana yake. Katika mafunzo yote yale, hilo ndilo somo pekee tulilolitumia. Kabla hatujafika kijijini, neno la mzee lilikuwa limeshatutangulia na waliokimbia kupeleka habari. Wanaume walilirudia njiani wakitikisa vichwa, wakisema kweli mzee kamjibu.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. Hakulia kwanza. Alimtazama Mzee Shemhilu.

"Nimesikia ulichomwambia Kanuti," akasema. "Yeye alikufunga kinywa. Mimi nilikufunga lini?"

Mzee alisimama pale, mvua ikimtiririka usoni. Hakujibu siku ile, wala miaka tisa aliyoishi baadaye. Akitaka kwenda sokoni alizunguka njia ya bondeni asipite mlangoni kwa mama mdogo. Mizinga yake hakuigusa tena, ikaoza juu ya miti. Kanuti aliondoka na gari la polisi, na hatukusikia habari zake.

Watu wakalichukua neno, likawa methali. Wanamchoma nalo mkubwa asiyetaka kuambiwa, na ni haki yao. Mimi sikuwahi kulitamka mama mdogo akiwa hai. Leo nimelisema kwa kuwa mmeuliza, na mnapolisema ninyi, mjue gharama yake ililipwa na msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakumfunga mtu kinywa: kinywa ulichokifunga usikidai onyo.