Kibao cha Wali Uliochacha

Hapo zamani, wakati njia ya chumvi bado ilipita Mkalangi, wageni waliingia mjini na njaa zao na hawakujua wale wapi. Wapishi walikuwa wengi, na kila mpishi aliita, "Kwangu, kwangu!" Mgeni alifuata sauti kubwa kuliko zote, akala, tumbo likamsokota, akaenda zake akiulaani mji mzima.

Basi palikuwa na seremala, jina lake Hamduni. Hamduni akajenga ukuta karibu na kisima. Akaupigilia vigingi, akauezeka makuti ili mvua isiuguse. Akachonga vibao, akavipaka chokaa mpaka vidole vikababuka. Kisha akasema:

"Aliyekula aandike alivyokula. Asiyejua kuandika aniambie, nitamwandikia neno kwa neno. Simtozi mtu. Sharti ni moja: kibao kikishatundikwa, hakiondolewi ukutani ila kwa mkono wa mwenye maneno hayo."

Watu wakaandika. Wakaandika, wakaandika. Mgeni akifika anakunywa maji, anasoma, anajua aelekee wapi. Mkalangi ikajaa.

Miongoni mwa wapishi alikuwamo Sikudhani, mama wa mtoto mchanga aitwaye Kombo. Kibanda chake kilikuwa cha mwisho, kule kwenye zizi la punda, lakini alijua kupika. Siku moja akafika Bi Kidawa, mfinyanzi, vyungu kichwani na homa mwilini. Sikudhani hakumuuliza atalipa nini. Alimtua mzigo, akamkorogea uji wa mtama, akaupuliza kijiko kwa kijiko kama anayemlisha mtoto.

Bi Kidawa alipopata nafuu akashika njia. Amefika juu kilimani ndipo akakumbuka kwamba hakuandika. Akageuka. Akateremka na vyungu vyake, jua likichoma, akaandika: "Nilifika sina nguvu ya kusimama. Uji wa Sikudhani umeniinua." Kibao kikatundikwa, na wateja wakaja.

Lakini Hamduni alikuwa na ukuta, hakuwa na ugali. Chokaa ilitoka mbali. Makuti yalioza. Waandishi waliandika bure, wasomaji walisoma bure, na yeye alilala na njaa. Akawaendea wapishi.

"Atakayenipa kibaba cha mtama kila gulio," akasema, "vibao vyake vya sifa nitavitundika usawa wa macho, na vya lawama nitavishusha chini. Asiyenipa, nitatundika nitakavyo."

Tausi, aliyekuwa na kibanda kikubwa, akatoa. Wengine wakatoa. Sikudhani akachungulia kapu lake.

"Kaka Hamduni, nikikupa huu, kesho nitapika nini?"

"Sikulazimishi, dada yangu."

Na kweli hakumlazimisha. Ila kesho yake kibao cha Bi Kidawa kilikuwa chini kabisa, mahali mbuzi wanapojikuna.

Kisha Kombo akashikwa na homa. Hakukubali kuwekwa chini hata kidogo. Sikudhani alipika wali wa nazi huku amembeba, akaupakua bila kuuonja, na wali ulikuwa umekaa na joto tangu asubuhi. Aliyeula ni Chande, mchukuzi wa chumvi.

"Dada," Chande akasema, "wali huu umechacha."

Sikudhani akaonja. Machozi yakamtoka. Akamrudishia chumvi yote aliyomlipa. Chande akaenda ukutani, akaandika: "Leo nimekula kwa Sikudhani, wali umechacha. Nilipomwambia hakubisha. Amelia, akanirudishia malipo yangu yote." Hamduni akakisoma kibao, akakitundika usawa wa macho.

Wageni wakasoma "umechacha," wakageuza miguu. Hawakusubiri kusoma mwisho. Sikudhani hakuweza kutulia. Anakwenda ukutani, anarudi jikoni. Anachochea moto usio na sufuria. Anasikia hatua, anainuka, kumbe ni punda. Alipomwona Chande anapita tena na mzigo wake, akamkimbilia na mtoto mgongoni.

"Kaka Chande, kitoe kile kibao!"

"Ulichacha au haukuchacha?"

"Ulichacha. Lakini siku moja tu!"

"Na mimi nimeandika siku moja tu. Nikikitoa kwa kuwa umeniomba, nani ataamini vibao vyangu vingine?"

"Ndiyo maana unabeba chumvi," Sikudhani akamwambia. "Roho yako yenyewe ya kukausha samaki!"

Chande akacheka, lakini hakufurahi. Alipoondoka, Sikudhani alikuta konzi ya chumvi juu ya figa. Hakujua aitupe au aitie chunguni. Akaitia chunguni, kisha akalia kwa kuwa hakuna wa kumpikia.

Mpishi asiye na mteja hali. Mama asiyekula, maziwa yanakauka. Kombo akinyonya, anaachia, anapiga kelele. Akinyonya tena, anaachia. Sikudhani akawa hana kingine anachokiwaza ila maziwa.

Siku ya gulio akaingia Jumbe Mbaruku na msafara, akimpeleka binti yake kuolewa. Binti alikuwa taabani, kila anachokula kinarudi. Walikuwa wamekwisha kumpa nyama kutoka kibandani kwa Tausi, nono, tamu, akaitapika. Jumbe akasimama mbele ya ukuta. Usawa wa macho akasoma: Tamu! Tamu mno! Haina mfano!

"Mji gani huu usiounguza chungu?" akasema. "Hata mama yangu aliunguza."

Ndipo akakiona kibao cha Chande. Akakisoma mpaka mwisho, mara mbili. "Mpishi anayekiri! Hana kingine huyu?" Akatafuta, akainama, akawafukuza mbuzi, akakiona kibao cha Bi Kidawa.

Akampeleka binti kibandani kwa Sikudhani, naye Sikudhani akakoroga uji. Binti akanywa, ukatulia. Akanywa tena. Jua lilipopinduka akaomba kusimama, akasimama. Jumbe akaleta ng'ombe mwenye ndama, maziwa tele.

"Huyu ni wa aliyemfikishia mwanangu bakuli hili," akasema. "Na asigawanywe."

Hamduni akajitokeza. "Ni wangu. Bila ukuta wangu ungesoma nini? Vidole vyangu hivi hapa!"

"Ukuta gani?" Bi Kidawa akamkatiza, maana naye alikuja kuuza vyungu. "Neno langu uliliweka chini ya mbuzi!"

"Nililiweka chini, sikulitupa. Ningelitupa, nani angejua?"

"Bila neno langu una mbao tupu, mwanangu. Mimi nilirudi kutoka kilimani. Kibaba changu kiko wapi?"

Chande, aliyekuwa akipita na chumvi yake, akatua mzigo. "Sifa zilikuwa nyingi, Jumbe hakuamini hata moja. Aliamini lawama yangu. Na kwa lawama hiyo nimetukanwa."

Wote wakamtazama Sikudhani. Naye akasema kwa sauti ndogo, "Bila uji wangu, mngeandika nini nyote?"

Jumbe akakuna kichwa. Msafara ulikuwa unamngoja, binti ameshapanda punda. Akamwekea Sikudhani kamba mkononi. "Mimi mpita njia. Wewe unawajua. Mpe anayestahili." Akaenda zake.

Sikudhani akabaki na kamba. Akaviona vidole vilivyobabuka. Akayaona magoti ya Bi Kidawa, yenye vumbi la njia ya kilimani. Akaikumbuka konzi ya chumvi. Mgongoni Kombo akaanza kulia, na ng'ombe, aliposikia kilio, akageuza shingo.

Nanyi mliokaa hapa, msiniambie mngemgawanya, maana Jumbe amekataza. Mwenye ukuta, aliyerudi kusifu, aliyelaumu kwa haki, au aliyepika? Je, kamba ile mngeiweka mkononi mwa nani?