Ada ya Nyimbo na Bando la Kibibi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha ingia kila jikoni, mji wa Kivulini ulikuwa na mwimbaji wa taarabu aitwaye Siwatu. Akiimba harusini, watu waliinuka wakamtunza: huyu noti, yule noti, mwingine anacheza kwanza ndipo atoe.

Kisha Shaame akafungua kibanda cha kupakua nyimbo. Watu wakamsikiliza Siwatu wakiosha vyombo, wakamsikiliza wakienda kulala. Harusi zikapigiwa spika. Kwenye simu, nani atainuka amtunze?

Siwatu akaota uvimbe kooni, naye hakuwa na cha kwenda nacho hospitali. Mji ukakutana.

"Shaame, umeuza sauti ya mtu kama mihogo!" mmoja akafoka.

"Nanyi mkanunua, tena mkaomba nyongeza," Shaame akajibu. "Tulipe sote. Kila bando la simu linalouzwa mjini likatwe kidogo, iwe ndiyo tuzo yake."

Wakakubali. Anayepakua akatwe, asiyepakua akatwe, maana nani atamchungulia mwenzake simu? Tangazo likapitishwa mitaani kwa kipaza sauti. Siwatu akapasuliwa, akapona. Sauti haikurudi, na dawa ikawa ya maisha.

Mjini humo aliishi Kibibi, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa. Kipaza sauti kilipita mlangoni pake, yeye anashona. Mwanawe, Haji, alilazwa ng'ambo, na walizungumza kwa alama kwenye simu ya video. Kibibi alinunua bando lile lile alilozoea, asijue kuwa limekatwa. Siku moja Haji akaanza kumwambia jambo, picha ikakatika. Hadi Kibibi anapata bando jingine, Haji alikuwa amefariki.

Akaenda barazani na wifi yake, Mize, amtafsirie alama zake.

"Anasema: Dada Siwatu, sijakusikia hata siku moja. Nimekulipa kwa neno la mwisho la mwanangu. Ada ifutwe, asije mama mwingine akakatiwa kama mimi."

"Tukiifuta, dawa itatoka wapi?" Shaame akauliza. "Watu wa kulipa kwa hiari nawajua, nimekaa nao kibandani."

"Basi viziwi wasamehewe," sauti ikatoka nyuma.

"Na anayemtafuta mgonjwa wake tu?" Mize akasema, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. "Na asiyependa taarabu? Mtamjuaje, bila kumchungulia?"

Siwatu akasimama, akanong'ona, "Sikuomba kulipwa na asiyenisikia. Lakini nataka kuishi, Kibibi. Nisamehe, nataka kuishi."

Mize akashindwa kuyatafsiri. Kibibi akawatazama midomo, mmoja mmoja, akingoja.

Haya, nanyi mngekuwapo, mngeiacha ada ile au mngeifuta? Na nani alistahili kumjibu Kibibi: Siwatu aliyetibiwa, Shaame aliyetoa shauri, au wale waliopakua miaka yote wasimtunze?