Picha ya Mfanyakazi Bora na Kiti cha Kaimu

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ya majini na wafalme, ni ya juzi juzi tu, watu wameshaanza kuvaa vitambulisho shingoni, palikuwa na kiwanda cha biskuti mjini Tanga. Mliokaa mbali sogeeni. Mwisho wa hadithi hii nitataka jibu, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika kiwanda hicho palikuwa na ofisi ya rasilimali watu. Ndiyo ofisi inayoajiri, inayotoa likizo, inayosuluhisha waliogombana na kuwapa barua waliokosa. Ilikuwa na meza tatu na kiti kikubwa kimoja. Kiti kikubwa kilikuwa cha Mkuu, na Mkuu alikuwa amestaafu, amerudi kwao Lushoto kulima kabichi. Tangu hapo kilikaliwa na Mzee Semhando, lakini kwa kukaimu. Mnajua kukaimu? Unafanya kazi zote za mwenye cheo, unabeba lawama zote za mwenye cheo, ila cheo huna. Miaka ikapita, Mzee Semhando bado kaimu. Sababu ilikuwa moja: cheo kilitaka shahada, na yeye alikuwa na cheti.

Meza ya pili alikaa Mwantumu. Meza ya tatu alikaa Pelagia. Wote watatu walikuwa wakikitamani kile kiti, na hakuna aliyesema.

Siku moja Mwantumu akavunja ukimya. "Nataka kwenda kusoma saikolojia ya viwanda."

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Pelagia.

"Elimu ya mtu akiwa kazini. Kwa nini huyu anajituma na yule anatega. Kwa nini mtu anaacha kazi nzuri. Namna ya kumpata anayefaa."

Mzee Semhando akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, anayetega anatega kwa sababu ni mtegaji. Hilo nalo linataka chuo kikuu?"

Pelagia hakucheka. "Nenda," alimwambia mwenzake. "Meza yako nitaishika mimi, pamoja na yangu. Ila tuelewane, shoga yangu. Ukirudi naenda mimi, na wewe unazishika zote mbili."

Wakapeana mikono. Mzee Semhando akatia sahihi ruhusa.

Basi ikawa hivyo. Mwantumu akasoma, Pelagia akashika meza, Mzee Semhando akatia sahihi. Chuo kikifunga, Mwantumu anarudi kiwandani. Chuo kikifungua, anapanda basi. Mwanawe alilelewa na bibi yake, akafika mahali akawa anamwita mama yake "shangazi". Mwantumu akalia, akafuta machozi, akapanda basi. Pelagia naye alikuwa akila chakula cha mchana amesimama, maana meza moja ikinyamaza nyingine inaita.

Mwisho wa mwaka wa kwanza Mwantumu alirudi na wazo. "Mtu akisifiwa anaongeza bidii. Tuchague mfanyakazi bora wa mwezi, tutundike picha yake kantini."

Mkurugenzi, Bi. Shekalage, mwanamke mwenye haraka zake ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama, alilipenda wazo hilo mno. Basi Mwantumu akashauri, Pelagia akatundika, Mzee Semhando akatia sahihi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mwajabu, mama mmoja wa ufungashaji ambaye mikono yake ilikuwa ikipanga biskuti kwenye boksi kabla hujamaliza kumsalimia. Watu wakapiga makofi. Mwajabu akavaa kanga mpya. Mwezi wa pili, picha ikawa yake tena. Mwezi wa tatu, yake tena. Baada ya hapo akaandika barua ya kuacha kazi. Sababu aliyoandika ilikuwa "mambo ya kifamilia".

Akatundikwa Kombo wa tanuri. Kombo, ambaye hakujulikana kwa kuchelewa, akaanza kuchelewa. Picha ikaondolewa, na Kombo akaanza kuwahi tena. Akatundikwa msichana wa maghala, akaomba uhamisho. Mwishowe hapakuwa na wa kutundika, kwa sababu hapakuwa na aliyezidi. Ufungashaji wote ukawa unatoa mzigo ule ule, mdogo, kana kwamba wamepimiana. Shule za bweni zilizokuwa zikichukua biskuti zikahamia kwingine.

Hayo yakaenda hivyo mpaka Mwantumu alipokuwa amebakiza utafiti wake wa mwisho tu. Hapo Bi. Shekalage akaishiwa subira. Akawaita wote watatu.

"Mzigo haupandi," alisema. "Nikifunga hesabu za mwaka huu na hali ni hii, shifti ya mchana ya ufungashaji naiondoa yote. Watu waende nyumbani. Atakayenitoa hapa nitampa kile kiti, na neno kaimu litafutwa mlangoni."

Hapo wote watatu wakakaa vizuri.

Mwantumu akachapisha madodoso, zile karatasi za maswali za chuoni, akawagawia wafanyakazi. Je, unaridhika na kazi? Je, unaridhika na wenzako? Karatasi zikarudi zimejazwa safi. Kila mtu ameandika anaridhika sana.

"Wananidanganya," Mwantumu akamwambia Pelagia.

"Hawakudanganyi. Karatasi ya ofisi inajibiwa kiofisi. Ulitegemea nini?"

Wakati huo Mwajabu alifiwa na mama yake mdogo. Pelagia akajifunga kanga, akaenda msibani. Hakukaa kwenye viti vya wageni. Aliingia uani, akavuta ungo, akachambua mchele na wenzake. Jioni, walipobaki wawili, Mwajabu akamwambia, "Dada Pelagia, nina neno. Lakini usimwambie mtu wa ofisini."

"Kwani mimi si wa ofisini?"

"Leo wewe ni wa msibani."

"Haya. Simwambii mtu."

"Ile picha ndiyo iliyonitoa kazini. Nilikuwa nakunywa chai na wenzangu meza ya dirishani. Picha ilipotundikwa, nikikaa wanahama. Nikiomba sukari naambiwa kamwombe Mama, si ndiye rafiki yako siku hizi? Na msimamizi naye kila saa anawaambia, mbona Mwajabu anaweza? Wakaongezewa maboksi kwa ajili ya mikono yangu mimi. Nilipomwoza binti yangu, dada, hakuna hata mmoja wa laini yangu ya kufungasha aliyekuja kupika. Hata mmoja! Sufuria nimeazima, kuni ninazo, wapishi sina. Nikaona basi, kazi ninayo, watu sina. Nikaacha."

Mimi nasimulia tu, sina upande. Lakini mama kuozesha binti bila wenzake uani, katika mji kama ule, ni jambo la kuumiza, na nikifika hapa huwa linaniuma.

Pelagia alikesha na neno lile. Alikuwa ameahidi. Alikumbuka pia shifti ya mchana, wanawake ambao karibu wote aliwaajiri kwa mkono wake. Asubuhi akamwambia Mwantumu kila kitu, na jina la Mwajabu akalitaja.

Mwantumu akayasukuma madodoso pembeni. Kisha akasema, "Si wavivu. Wamekubaliana kimoyomoyo asizidi mtu, kwa sababu anayezidi anawaletea wenzake mzigo, na sisi tunamtenga kwa kumtundika ukutani. Kikundi kinajilinda. Hili limefundishwa kabisa, mwaka wa tatu."

"Na picha?"

"Picha tulifundishwa mwaka wa kwanza."

Mzee Semhando, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti kikubwa, akakohoa. "Mimi nilijua haifai siku ile ile ilipotundikwa. Niliona namna walivyopiga makofi."

"Ulijua, Mzee, na ukatia sahihi?"

"Kaimu hakatai, mwanangu. Akikataa, wakubwa wanakumbuka kwamba ni kaimu."

Mwantumu akapanga dawa. Picha itoke. Sifa ipewe laini nzima, si mtu. Msimamizi asimlinganishe mtu na mtu. Kila laini ijiwekee lengo lake yenyewe. Lakini picha ilikuwa ya Mama. Kila mgeni akija kiwandani Bi. Shekalage alikuwa akimpeleka kantini kumwonyesha. Nani atamwambia?

Mwantumu alisema, "Mimi bado mwanafunzi."

Pelagia alisema, "Mimi nitaulizwa nimejuaje."

Mzee Semhando akanyanyuka. Alienda kantini, akapanda juu ya benchi, akaing'oa fremu na msumari wake. Kisha akaingia kwa Mkurugenzi bila kupiga hodi mara ya pili.

"Mama, picha nimeitoa."

"Umeruhusiwa na nani?"

"Sikuomba ruhusa. Na tangu leo ufungashaji utapangwa upya, sahihi ni yangu. Mzigo usipopanda, usimwondoe mtu wa ufungashaji. Niondoe mimi, kwa barua ya utovu wa nidhamu."

Mnajua maana ya barua hiyo kwa mtu anayekaribia kustaafu. Anatoka mlangoni mikono mitupu, na mtaani watasema kaiba. Bi. Shekalage akamtazama, akasema, "Umejihukumu mwenyewe, Semhando."

Mzigo haukupanda siku ile, wala wiki ile. Mzee Semhando akapungua mwili. Pelagia akazunguka laini kwa laini, akizungumza nao taratibu bila kulitaja neno la msibani, mpaka wanawake wa meza ya dirishani wakafunga safari na mchele wao na nazi zao, wakaenda kupika kwa Mwajabu bila sherehe yoyote, wakaomba radhi. Mwajabu akarudi kazini. Mwantumu akakaa na wasimamizi, akawafundisha kusema "nyinyi" badala ya kusema "fulani". Hapo mzigo ukaanza kupanda. Ukapanda ukafika ulipokuwa, ukapita. Shule za bweni zikarudi. Shifti ya mchana ikabaki na watu wake wote, na Mwantumu akamaliza chuo.

Bi. Shekalage, kusema haki, hakusahau ahadi yake. Akaenda kwenye bodi, bodi ikakubali sharti la shahada lilegezwe kwa safari hii moja. Akawaita. "Kiti ni kimoja. Semeni."

Mwantumu akasema: "Kiti ni changu. Nimesomea kazi hii. Pelagia alilisikia neno la Mwajabu, lakini wangapi husikia maneno msibani wakarudi nyumbani kulala? Mimi ndiye niliyejua ni ugonjwa gani na dawa yake ni ipi. Mwanangu ananiita shangazi kwa ajili ya elimu hii. Msiponipa, nilisomea nini?"

Pelagia akasema: "Kiti ni changu. Wewe ulikuwa na vitabu na madodoso, ukaambulia 'naridhika sana'. Neno la kweli nililileta mimi, na nililipata kwa sababu watu wananipa maneno yao. Hata vitabu hivyo, ulivisoma nikiwa nimebeba meza yako. Mwajabu nilimrudisha mimi. Tena, shoga yangu, ukikaa kwenye kiti kile, meza mbili utazishikaje? Zamu yangu ya kusoma itakuwa imekufa."

Mzee Semhando akasema: "Kiti ni changu. Nimekikalia miaka yote hiyo kwa jina la kuazima. Mlijua ugonjwa, mlijua dawa, na wote wawili mkatazama sakafu. Dawa ingekaa mezani mpaka watu wafukuzwe. Mimi ndiye niliyeweka uzee wangu rehani. Na leo mkitaka nirudi kwenye meza ndogo, niagizwe na niliyemfundisha kuandika barua ya likizo, siwezi. Nitaondoka."

Bi. Shekalage akawasikiliza, kisha akauliza, "Na makosa?"

Hapo ndimi zikachomoka.

"Mwantumu ndiye aliyeileta picha," akasema Pelagia. "Alikitia kiwanda ugonjwa kwa elimu yake ya nusu, akakiponya kwa nusu iliyobaki."

"Pelagia alivunja ahadi ya msibani," akasema Mzee Semhando. "Leo Mwajabu hajui kwamba neno lake lilifika ofisini. Akijua, nani tena atamwambia kitu Mkuu wa namna hiyo?"

"Na Mzee alijua tangu siku ya kwanza," akasema Mwantumu. "Alinyamaza akimwona Mwajabu ananyauka. Ushujaa wake ulikuja baada ya kiti kutajwa."

Hakuna aliyekanusha. Pelagia peke yake aliongeza neno, kwa sauti ya chini. "Mama, huyo mmoja utakayemtangaza, kesho chai atakunywa na nani?"

Bi. Shekalage aliwatoa nje, akafunga mlango, akakaa na barua ya uteuzi mbele yake. Barua ilikuwa imekamilika, nafasi ya jina tu ndiyo ilikuwa wazi. Mwantumu akikosa, ataichukua shahada yake aende kiwanda kingine. Pelagia akikosa, ataendelea kula amesimama. Mzee Semhando akikosa, ataenda zake nyumbani, na mlangoni hakutakuwa na neno la kuonyesha kwamba aliwahi kukaa humo.

Mimi nimemwacha mama wa watu humo ndani na kalamu yake. Nyinyi mmesikia yote, yale aliyoyasikia yeye na mengine asiyoyajua. Je, nani alistahili? Nitajieni jina moja, si mawili. Na mtakapolitaja, litajeni kwa sauti ile ile ambayo mngeitumia kama wale wawili waliokosa wangekuwa wameketi hapa, wanawatazama.